Kelele: Ndiyo au Hapana

Mama Semeni anasema aliuona mdomo wa Sihaba ukiwa wazi, lakini hakusikia yowe.

Anasema ilikuwa Jumatano, saa nane mchana, naye alikuwa jikoni kwake ghorofa ya kumi na nne anachambua mchicha. Alipoinua macho akamwona Sihaba kwenye kibaraza cha Jengo la Mashariki, ng'ambo ya uwazi, mkono mmoja umeshika chuma na mwingine umeinuliwa juu. Nguo alizokuwa akianika zilikuwa zimemwangukia miguuni. Kichwa kimeenda nyuma, mdomo wazi. Na kwenye kioo cha dirisha, anasema Mama Semeni, ikaja sauti ndogo, laini, inapanda na kushuka, kama mtu anayeimba chumba cha tatu.

"Nikajua ni kigelegele," anasema. "Wiki ile kaka yake alikuwa amepeleka posa. Nikasema ehee, posa imejibiwa! Basi na mimi nikainua mkono nikampigia cha kwangu, kirefu, mpaka pumzi ikaniishia. Nikamwona ananitazama. Nikarudi kwenye mchicha wangu."

Alipotazama tena, kibarazani hakukuwa na mtu aliyesimama.

Sihaba alikuwa na mimba ya miezi saba. Mume wake, fundi wa reli, alikuwa safarini. Simu yake ilikuwa chumbani, na damu ilipoanza kumtoka hakuweza kupiga hatua. Mama yake mzazi, Bi Zamoyoni, aliporudi sokoni saa kumi alimkuta amekaa chini, mgongo ukutani, nguo za kuanika amezikusanya mapajani zote zimelowa. Mtoto naye hakupona.

Hayo ndiyo maneno ya Mama Semeni, na katika Majengo Pacha hakuna aliyeyaamini. Watu walisema: dirisha na kibaraza vinatazamana, hatua thelathini hazifiki, mtu anapiga yowe la kufa mbele yako, na wewe umeshika mchicha? Wakakumbushana kwamba wawili hao walikuwa hawasemeshani mwezi mzima kwa sababu ya moshi wa samaki. Na sheria ya yowe ni ya zamani kuliko majengo, ni ya zamani kuliko hata reli. Yowe likipigwa, unatoka. Kama unakula, unaacha tonge. Kama umegombana na huyo anayelipiga, unatoka vilevile, ugomvi mtaurudia baadaye. Asiyetoka, siku yake ikifika naye hatatokewa na mtu.

Siku ya matanga Mama Semeni alikuja akakaa kwenye mkeka. Wanawake wakaanza kujisogeza, mmoja mmoja, bila neno, kama wanaotafuta kivuli, mpaka akabaki peke yake kwenye mkeka wa watu kumi.

Mwajabu aliyaona hayo kwa sababu ndiye aliyekuwa akigawa chai. Yeye na Mama Semeni walikaa mlango kwa mlango. Alikuwa msichana wa miaka ishirini na sita, mtu wa kutazama kuliko kusema, na kazi yake ilikuwa katika kituo cha utangazaji cha jiji la Relini, mahali ilipokuwa ile mashine iliyoitwa Mizani.

*

Aliyezaliwa Relini baada ya Mizani hawezi kujua jiji lilivyokuwa kabla yake. Jiji liliota kandokando ya reli ya kasi, na treni zilipita kila baada ya dakika nne. Kila duka lilikuwa na kipaza sauti mlangoni. Redioni nako hakukuwa na amani: unasikiliza taarifa ya habari polepole, ghafla tangazo la sabuni linakurukia kama mbwa aliyefunguliwa mnyororo. Watu walikula chakula kwa mkono mmoja, mwingine umeshika kitufe cha kupunguzia sauti.

Wahandisi wa zamani walikuwa wakipima sauti kwa sindano ya umeme. Lakini sikio si sindano. Ngoma nene inaweza kuisukuma sindano mpaka mwisho wake na sikio likaona ni jambo la kawaida. Kilio cha kichanga huisogeza kidogo tu, na mtu aliyelala vyumba viwili mbele akaamka. Sikio lina upendeleo wake. Sauti nene hulipita, sauti nyembamba hulichoma. Mizani ilifundishwa upendeleo huo. Haikupima sauti iliyotoka kwenye mtambo, ilipima sauti iliyofika ndani ya mtu. Kipimo chake kiliitwa kisikio, nacho ni ile tofauti ndogo kabisa ambayo mtu akiisikia anaweza kusema, hii imeizidi ile. Jiji likatunga sheria: kila kipindi, kila wimbo na kila tangazo litoke visikio ishirini na tatu chini ya dari. Dari ni mwisho wa nguvu ambayo mtambo unaweza kuibeba.

Watengeneza matangazo hawakukubali kushindwa kirahisi. Waliona Mizani inapima wastani, basi wakaweka ukimya mwanzoni na vurugu mwishoni, wastani ukatoka sawa. Wahandisi wakaifundisha Mizani kuuruka ukimya, isiuhesabu. Wakaja na ujanja wa pili: mnong'ono mrefu, halafu ukelele mmoja wa ghafla. Hapo ndipo Mizani ilipopewa mkono, ukaitwa Kikandamizi. Sauti yoyote iliyopanda ghafla, ikawa ni ya aina ya kelele, ilikandamizwa kabla haijafika sikioni.

Watu walifurahi mno, wakautaka utulivu huo mpaka majumbani. Vikaja vioo-sikivu, madirisha yanayoipokea sauti ya nje na kuitoa ndani ikiwa imeshapimwa. Zikaja njugu, vile vidude vidogo vya masikioni ambavyo kila mtu wa Relini huvivaa anapotoka mlangoni. Vyote vilimtii bwana mmoja. Treni ilipita chini ya dirisha ikasikika kama mtu anayefagia ua.

Sasa, mashine itajuaje kwamba sauti fulani ni kelele na nyingine si kelele? Ilifundishwa na watu, na watu hao waliitwa waonja sauti. Miaka minane nyuma kituo kilitangaza kwamba kinatafuta masikio, vyeti wabaki navyo wenyewe. Mwajabu alikuwa na miaka kumi na nane na elimu ya darasa la saba. Mama yake alikuwa fundi cherehani, na binti alikuwa akijua kwa mlio tu kwamba uzi unakaribia kukatika, akasema, "Mama, simama," na kweli. Kati ya watu mia tatu waliojaribiwa, yeye ndiye ambaye ukimrudishia sauti ileile baada ya siku kumi alikupa jibu lilelile. Aliingia kitabuni kama Sikio la Saba. Majibu ya wengine yalipogongana, Mizani ilifuata lake. Mama yake alilisema jambo hilo sokoni mpaka watu wakachoka kulisikia.

*

Siku ya thelathini na saba ya msiba, Mama Semeni alibisha hodi.

"Karibu, Mama Semeni."

"Sikai, nina shida tu," alisema, akaingia akakaa. "Mwanangu, mtondo ni arobaini. Mjumbe amepita na karatasi ya Bi Zamoyoni, kila nyumba inatoa mpishi mmoja. Yangu hamna. Amepita mlangoni kwangu kama anapita ukuta."

Mwajabu alikuwa ameiona karatasi hiyo.

"Nimepika arobaini zote za majengo haya tangu yajengwe. Zote! Hata ya yule bwana wa ghorofa ya tisa aliyekuwa akinitukana kwenye lifti, nilimpikia."

"Nakumbuka. Wali ulikuwa na kiini."

"Kile kiini kilikuwa cha makusudi. Lakini nilipika."

Wakacheka wote wawili, halafu kicheko cha Mama Semeni kikageuka katikati, akajifuta kwa pindo la kanga.

"Semeni hataki kupanda lifti na wenzake. Wanamwambia mama yako kiziwi wa kujitakia. Sikiliza, Mwajabu. Wewe unafanya kazi huko sauti zinakolala. Nitazamie. Kama Sihaba alipiga yowe na dirisha langu likaniletea, nitakwenda kwa mama yake kwa magoti niseme ndiyo, nilisikia, niliutia moyo wangu jiwe. Lakini kama halikuniletea, nijue. Maana nimeambiwa sana kwamba nilisikia. Siku hizi nikifumba macho, nalisikia."

"Nitatazama," alisema Mwajabu.

"Kweli?"

"Kesho asubuhi."

"Basi nipe maji," alisema Mama Semeni. "Nilisema sikai, lakini koo limekauka."

*

Mizani haikutupa kitu. Kila sauti iliyopita kwake iliwekwa mahali palipoitwa Ghala, ilivyotoka na ilivyofikishwa, ili siku mtu akilalamika ipatikane. Walalamikaji karibu wote walikuwa watu wa matangazo.

Mwajabu aliandika siku, saa na jengo. Ubaoni yakaja maneno machache:

Sauti ya mtu. Ilivyotoka: visikio vinne chini ya dari. Ilivyofikishwa: visikio arobaini na moja chini ya dari. Aina: kelele. Mfano wa mafunzo: namba 2306. Sikio: la saba.

Alisoma mstari wa mwisho mara mbili. Kisha akafungua mfano namba 2306.

Ulikuwa ni kipande cha mchezo wa redio, sekunde sita, mwanamke analia, "Jamani! Jamani nakufa huku!" Papo hapo akakikumbuka chumba kile, viti vya plastiki, harufu ya rangi mbichi. Akaikumbuka skrini yenye swali moja, KELELE?, na vitufe viwili chini yake, NDIYO na HAPANA. Akakumbuka pia jinsi alivyofurahi. Maswali mengine yalikuwa magumu, magari na mashine za kusaga na muziki wa harusi, alikuwa akisita. Hili lilikuwa jepesi. Alibonyeza hata mwanamke hajamaliza.

Mhandisi Lutengano ndiye aliyeiunda Mizani. Alikuwa mtu wa miaka hamsini na kitu, mpole, aliyevua viatu mlangoni kila alipoingia chumba cha kusikilizia kwa sababu soli zake zilikuwa zinalia. Mwajabu alimkuta pekupeku, na kikombe cha chai kimepoa mbele yake.

"Mhandisi, naomba kuuliza. Lile swali la kelele, siku zile za kuonja. Lilikuwa linauliza nini?"

"Kama sauti ni kelele. Bughudha. Sauti ambayo mtu hataki kuisikia."

"Mimi nilijua linauliza kama mtu anapiga kelele."

Lutengano alikuwa akiandika. Kalamu ikasimama.

"Sema tena."

"Kwetu mtu akivamiwa anapiga kelele. Mama aliniambia tangu nikiwa mdogo, mtu yeyote akikushika njiani, piga kelele. Halafu mwalimu naye akiingia darasani anasema acheni kelele. Ni neno hilohilo. Sasa mimi nilipomsikia yule mama wa kwenye mchezo nikasema, huyu anapiga kelele kwelikweli. Nikabonyeza ndiyo. Nilijua nimepata."

Alimwonyesha karatasi ya Ghala. Mhandisi aliisoma taratibu, kidole kikifuata mstari. Alipofika penye arobaini na moja kidole kikaganda.

"Hii ni minong'ono," alisema. "Chini ya minong'ono."

"Jirani yangu anasema ilikuwa kama wimbo."

"Ingesikika hivyo. Kikandamizi hukata ncha, kinachobaki ni kile kupanda na kushuka." Alivua miwani. "Swali lile niliandika mimi. Lilikuwa 'sauti isiyotakiwa', lakini maneno hayakuenea kwenye kisanduku cha skrini. Nikatafuta neno fupi. Sidhani kama ilinichukua dakika tano."

"Na wengine? Walijibu nini?"

Alilitafuta jibu kwenye mashine yake. "Nusu ndiyo, nusu hapana. Tuliona wamegawanyika, tukadhani hawakusikiliza vizuri. Tukafuata sikio lisiloyumba."

"Langu."

"Lako."

Nje treni ilipita. Ilifagia ua, ikaenda zake.

"Nitairekebisha leo hii," alisema Lutengano. "Ni kuhamisha mfano mmoja tu kutoka kapu hili kwenda kapu lile. Kesho asubuhi yowe likipigwa litapita kwenye kila kioo na kila njugu vile lilivyo."

"Na Mama Semeni?"

"Nitaandika taarifa kwa bodi. Wakikaa, wakijadili, miezi mitatu, minne."

"Arobaini ni keshokutwa, Mhandisi. Akikosa arobaini hii ndiyo basi. Hata akija kusafishwa baadaye na bodi, hakuna atakayekaa naye mkeka mmoja."

"Ukisema leo, kesho watu watang'oa vioo. Wewe ulikuwepo kabla, unajua jiji lilikuwaje. Kuna watoto wanalala. Kuna wagonjwa wa moyo. Na tena si huyu mmoja tu, wanaweza kuwa..." Alinyamaza, lakini alikuwa amechelewa.

"Wanaweza kuwa wangapi?"

"Sijui. Vioo vina miaka sita."

"Hujatafuta?"

"Sikujua kama kuna kitu cha kutafuta."

"Sasa unajua," alisema Mwajabu. Hakuwa amewahi kumsemesha hivyo, na alishangaa jinsi sauti yake ilivyotoka ndogo.

Mhandisi alizungusha kikombe chake kwenye kisahani. Baadaye akainuka, akachukua kisanduku cha kupigia sauti kwenye rafu, kile cha maonyesho, kidogo kama tofali lakini chenye nguvu ya kujaza ukumbi. Akaingiza humo sauti mbili na kuziwekea alama, nyekundu na ya kijani.

"Kwa sheria ya Ghala, sauti ya marehemu ni mali ya ndugu zake. Siwezi kuwanyima. Ya kijani ndiyo iliyofika dirishani. Nyekundu ndiyo yenyewe." Alimkabidhi kwa mikono miwili. "Mpelekee mama yake. Umwambie na aliyeandika swali ni nani."

Kwenye chumba cha kusikilizia, kabla ya kuondoka, Mwajabu aliifungua ya kijani. Kweli, mtu anaimba chumba cha tatu. Kidole chake kikaenda kwenye nyekundu, kikakaa juu yake bila kubonyeza, kikarudi.

*

Kesho yake mchana, Bi Zamoyoni alikuwa sebuleni peke yake na gunia la mchele limefunguliwa mbele yake. Kibaraza kilikuwa nyuma yake, mlango wa kioo umefungwa.

"Shikamoo, Bi Zamoyoni."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja kusaidia? Vizuri. Chukua ungo."

Mwajabu akachukua ungo, akakaa, wakachagua mchele. Mawe yalikuwa mengi. Bi Zamoyoni aliyatupa kwenye kifuniko cha sufuria, na kila jiwe lilitoa mlio wake. Walipofika ungo wa tatu Mwajabu akaanza kusema. Alisema polepole, kwa mpango, kama alivyokuwa amejisemesha njia nzima: mashine, swali, neno, kitufe, yeye, na Mhandisi. Bi Zamoyoni hakuacha kuchagua. Aliposikia habari ya kisanduku ndipo mikono yake ilipotulia.

"Ifungue hiyo iliyofika dirishani."

Mwajabu akabonyeza ya kijani. Bi Zamoyoni akainama, akaweka sikio karibu.

"Ongeza."

"Ndiyo mwisho wake, mama. Hivi ndivyo ilivyofika kwa Mama Semeni."

"Rudia."

Ilirudiwa mara tatu. Mara ya tatu Bi Zamoyoni alifumba macho.

"Ni kama kigelegele kweli," alisema.

"Ndiyo."

"Na yeye akamjibu."

"Anasema alimjibu. Hata mimi mwanzoni sikuamini."

"Mwanangu akamwona jirani yake anashangilia." Alichukua punje moja ya mchele, akaitazama, akairudisha kwenye ungo. "Ndicho alichokiona mwisho. Mtu anamshangilia."

Mwajabu akaendelea kuchagua mahali palipokuwa pameshachaguliwa.

"Mwambie Mama Semeni aje kesho alfajiri," alisema Bi Zamoyoni. "Aje na lile sufuria lake kubwa, langu halitoshi. Atakaa jikoni na mimi. Atakayejisogeza, atajisogeza mbele yangu nimwone."

"Asante, mama."

"Usinishukuru. Si zawadi, ni haki yake."

"Na mimi, Bi Zamoyoni, nilitaka kusema..."

"Wewe ulikuwa mtoto."

"Nilikuwa na miaka kumi na nane."

"Ndicho ninachosema." Kisha akakielekezea kidevu kile kisanduku. "Ile nyingine imo humo?"

"Imo."

"Umeisikia?"

"Hapana."

"Huyo Mhandisi wako?"

"Nadhani hapana. Aliitazama kwa namba tu."

"Kwa hiyo hakuna mtu aliyeisikia. Hakuna hata mmoja duniani."

"Mashine tu, mama."

Bi Zamoyoni alikung'uta kanga yake, punje zikadondoka, akainuka. Alikwenda kwenye mlango wa kibaraza akaushika mpini, ule ambao hakuna aliyeushika tangu siku ya msiba, akausukuma kwa bega. Mlango ulikwama, ukalia, ukafunguka.

Jiji likaingia. Mwajabu alizitoa njugu zake bila kuambiwa, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka sita akaisikia treni kama treni, chuma juu ya chuma, mpaka mchele ukatetemeka kwenye ungo. Ilipopita, akasikia watoto chini, mtu anagonga bati, mbwa. Ng'ambo ya uwazi, kwenye dirisha la ghorofa ya kumi na nne, kivuli cha Mama Semeni kilikuwa kinakwenda na kurudi jikoni.

"Umesema wameirekebisha tangu asubuhi," alisema Bi Zamoyoni. "Sasa yowe linapita."

"Linapita."

"Kwenye madirisha yote?"

"Yote. Na kwenye njugu."

"Na hicho kisanduku kina nguvu?"

"Kinajaza ukumbi, mama."

Bi Zamoyoni alitoka kibarazani. Alikaa chini palepale, mgongo ukutani, miguu ameinyoosha, mikono mapajani.

"Basi nifungulie. Kwa ukubwa wake, usipunguze hata kidogo. Mimi siku ile nilikuwa sokoni, napunguziwa bei ya nyanya. Kila mtu ana sababu yake ya kutosikia, na mimi ninayo yangu. Nataka nimsikie mwanangu. Na nataka nione nani atatoka."

Mwajabu alikileta kisanduku kizingitini, akapiga magoti. Alama nyekundu ilikuwa ndogo kama tone. Juu yake namba ilikuwa inasubiri, nne chini ya dari, na masikio yake, yale yasiyoyumba, yakawa yameanza kujikaza yenyewe. Alihesabu madirisha ya mbele yake. Alifika ishirini, akapotea, akaanza upya.

"Mwanangu," alisema Bi Zamoyoni bila kugeuka. "Nimekuomba."